Zihindula na Njia Isiyo na Motokari

Zihindula ana mke. Nianzie hapo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Yeye ni mtu wa Buffalo sasa, huku Marekani. Mimi niko Louisville, mtaa wa Beechmont, kwa mtoto wangu Précieux. Nilikuwa shahidi wa ndoa yake mwaka wa sitini na sita, kule Uvira. Mwaka uliofuata akawa shahidi wa ndoa yangu. Yeye alimwoa Kornelia, mimi nikamwoa Adolphine. Wangu alikufa mwaka 2015, mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika dirishani. Wake anaendesha baiskeli Ufaransa.

Kwetu baiskeli tunaiita kinga. Zihindula alilelewa na kinga. Baba yake alimwachia moja, nyeusi, ya chuma kizito, na hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake na shule yake. Tulibeba mchele kutoka bonde la Ruzizi mpaka Uvira. Tulibeba ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, kutoka Baraka. Gunia moja kwenye keria, lingine juu yake, na mpira wa tairi la ndani ukikatwa ndio kamba. Kwenye mlima unashuka kwenye kinga, unaegemeza bega, unasukuma. Kwenye mteremko unaomba Mungu, maana breki ni kisigino chako.

Yeye alikuwa mbele siku zote. Alifika juu ya mlima, akakaa kwenye jiwe, akanitazama nikija.

"Mirindi, hiyo miguu uliazima wapi?"

"Kwa dada yako."

"Mrudishie basi. Amekwama nyumbani."

Tulicheka. Lakini mtu akikungoja juu ya kila mlima kwa miaka thelathini, unachoka kumkuta pale.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kumi, vita viliingia Uvira. Kinga yangu askari waliichukua kwenye kizuizi. Adolphine alikuwa na malaria, hawezi kusimama. Kornelia alikuwa amekwisha kwenda Baraka kumuuguza mama yake. Zihindula alikuja nyumbani kwangu asubuhi na magunia mawili ya mchele kwenye keria. Alituona. Hakuuliza kitu. Alifungua mipira, akaangusha mchele wote uani. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akiacha mzigo.

"Mama Précieux, panda," alisema. Halafu akaniambia, "Nitamufikisha. Weye leta batoto."

Wakaenda. Wao walifika Baraka kwa siku mbili. Mimi na watoto, siku nne, kwa miguu.

Nilipofika, jua lilikuwa linashuka. Adolphine alikaa kwenye mkeka uani kwa mama yake Kornelia. Alikuwa amevaa koti la Zihindula. Zihindula alikaa mbele yake, na wote wawili walikuwa wanacheka, kile kicheko cha kushika tumbo. Waliponiona wakanyamaza. Wote wawili, mara moja, kama taa iliyozimwa.

Neno la kwanza nililomwambia mke wangu, baada ya siku nne za kudhani amekufa, lilikuwa hili: "Kwa nini umevaa koti lake?"

"Nilisikia baridi," alisema.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Si kitu."

Nilimuuliza tena Tanzania, kambini, ambako tulikaa miaka kumi na moja. Si kitu. Nilimuuliza Louisville, tukiwa na nyumba na sofa. Akasema, baba Précieux, wewe unaweka vitu moyoni. Hospitali, wiki ile ya mwisho, nilitaka kuuliza. Neno lilifika mdomoni. Nikamuuliza kama anataka maji.

Alitaka. Nikampa.

Tulikuja Marekani mwaka 2008, wao miezi miwili mbele yetu. Zihindula alipata kazi hotelini Buffalo, kufua mashuka. Mimi niliingia kwenye ghala la kukunja maboksi, mpaka mgongo ukakataa. Kanisa moja la huko Buffalo lilimpa baiskeli kuukuu kutoka chumba cha chini. Aliitengeneza mwenyewe. Alikwenda kazini nayo hata barafu ikiwepo, watu wakampiga picha.

Siku moja alinipigia simu.

"Ndugu yangu, huku kuna njia kando ya mufereji. Mufereji mukubwa, wa zamani. Njia ni ya kinga tu. Motokari hata moja haiingie."

"Wanapitia wapi wenye motokari?"

"Kwa barabara yabo. Huku ni sisi na bata."

Mwaka 2011 alimfundisha Kornelia kuendesha. Mama wa miaka sitini na mitatu. Walituma picha: Kornelia na kofia ngumu kichwani, mikono imeshika usukani kama anashika mbuzi anayetaka kukimbia. Adolphine aliiangalia ile picha kwa muda. Iroquois Park, bustani kubwa yenye njia za kinga, haiko mbali na kwetu. Aliniambia, "Na mimi je? Unifundishe."

"Utaanguka."

"Kornelia hakuanguka?"

"Kesho," nilisema.

Alingoja kidogo, akarudi jikoni. Kwetu mwanamke alikaa kwenye keria. Hivyo ndivyo nilivyojua. Zihindula alijua hivyo hivyo, lakini yeye akabadilika, na mimi sikupenda kumfuata tena. Nilikuwa nimemfuata vya kutosha.

Halafu akapata uraia. Yale maswali mia moja ya mtihani aliyakariri hotelini, akiyarudia huku mashine zinazunguka. Mimi nilijaribu mara mbili. Mara ya pili yule mama wa mtihani aliniuliza ni nani aliyeandika sijui nini, nikamwambia mimi sikuwepo. Alicheka vizuri, lakini hakunipitisha. Kwa hiyo yeye ana pasipoti ya bluu, mimi nina kadi ya ukaazi.

Sasa Ufaransa.

Binti yao wa kwanza, Gracieuse, aliolewa huko. Mwezi wa tano mwaka 2016 aliwaita wazazi. Mimi sikuambiwa. Nilikuwa nimekaa sebuleni, mjukuu wangu Séphora akaja na simu yake.

"Babu, angalia." Mengine alisema kwa Kiingereza, anavyopenda.

Nikaangalia. Njia nyembamba ya lami, imenyooka. Huku mizabibu, huku ng'ombe weupe. Kornelia mbele, amevaa kanzu ya maua na ile kofia. Zihindula nyuma. Picha nyingine: wanakula mkate kwenye ukuta wa mawe. Nyingine: Kornelia ameshika tawi, anacheka na mtu aliyepiga picha. Zilikuwa picha thelathini na kitu. Nilizihesabu zile ambazo wako pamoja. Sitasema ni ngapi.

Nikampigia.

"Umeenda Ufaransa."

"Nimerudi juzi."

"Hukuniambia."

"Weye uko na kilio, ndugu yangu. Mutu hapeleke habari ya furaha kwa nyumba ya kilio."

"Mwaka umepita."

"Kwako haujapita. Ninakusikia."

Hapo alisema kweli, nikazidi kukasirika. Nikamwambia asimulie basi. Akasimulia. Hiyo njia ilikuwa ya reli zamani. Reli waling'oa, wakaweka lami, wakasema motokari marufuku. Vituo vya treni vimekuwa mahali pa kunywa kahawa. Unaendesha siku sita, asubuhi mpaka saa tisa, unalala hoteli ndogo, kesho unaendelea. Na mizigo yako inatangulia kwa gari. Jioni unaikuta chumbani.

"Mizigo inatangulia?"

"Inatangulia."

"Na kwenye keria kuna nini?"

"Hakuna."

"Kinga bila muzigo? Hiyo ni safari gani?"

"Hata mimi nilishindwa," alisema. "Siku ya kwanza kinga ilikuwa inayumba chini yangu sawa mulevi. Nyepesi sana. Nikamwambia Gracieuse anipe sanduku yangu. Akakataa. Bon, nikaokota mawe matatu kando ya njia, nikayafunga kwenye keria na shati. Ikatulia."

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Nilimwona na mawe yake matatu, na mke wake mbele.

Mwezi wa sita Ferdinandi, kijana wao mkubwa, alinipigia. Baba na mama wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Sherehe itafanyika kwake, Hilliard, pale Columbus, maana ni katikati: sisi tunatoka huku, wa Buffalo wanatoka kule. Gracieuse atakuja kutoka Ufaransa. Na mimi, kwa desturi, shahidi wa ndoa, nitasimama nisimulie maisha ya bwana arusi.

"Baba Précieux, wewe ndiye unayemjua," alisema.

"Ninamjua," nilisema.

Tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja. Nitasimama mbele ya watu wote, mbele ya Kornelia, na nitauliza kuhusu zile siku mbili za njia ya Baraka. Adolphine hayupo wa kusema si kitu. Zihindula yupo. Na ajibu. Kama urafiki utakufa, na ufe. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzika.

Précieux alituendesha siku ya Jumamosi, mwezi wa nane. Zaidi ya saa tatu njiani. Barabara kubwa, malori huku na huku yanapiga kelele. Aliniuliza, "Papa, umetayarisha maneno?"

"Nimetayarisha."

"Mafupi?"

"Mafupi."

Ferdinandi alikuwa ameweka hema jeupe nyuma ya nyumba. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, mbuzi, ndagala wa kununua dukani. Watu kama sitini. Kornelia alivaa kitenge cha dhahabu, Zihindula shati la kitambaa hicho hicho. Alinikumbatia. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na fimbo.

"Umekonda," alisema.

"Nakula peke yangu."

Kornelia alinishika shavu. "Shemeji, ukae hapa karibu yetu."

Kulikuwa na viti vitatu pale mbele. Wao wawili na mimi. Kiti cha nne, cha Adolphine, kilikuwa kimetolewa, nikaona alama ya miguu ya kiti kwenye nyasi. Waliona aibu kukiacha kitupu. Ningependa wangekiacha.

Baada ya kula Gracieuse alileta televisheni nje, akaonyesha zile picha. Kubwa sasa. Watu wakasema eee. Watoto wakauliza motokari ziko wapi. Halafu mama mmoja akasema, "Mama Gracieuse, tupe habari," na Kornelia akasimama. Huyo mama anajua kusimulia. Adolphine alisema hivyo sikuzote.

"Siku ya kwanza," alisema, "Gracieuse iko mbele, mbali. Mimi katikati. Huyu nyuma na mawe yake. Njia imenyooka, mizabibu tu, tunaenda. Nusu saa. Saa moja. Mara nasikia kwa sauti ya chini: Mama Gracieuse, shuka. Nikadhani tairi. Nikashuka. Anasema: Hauone? Nione nini? Anasema: Tangu tutoke hatujakutana na mutu. Hakuna motokari. Hakuna mutu. Hakuna hata kuku."

Wazee waliacha kutafuna. Vijana walianza kucheka.

"Nikamwambia, baba Gracieuse, si ndivyo walituambia, njia bila motokari? Tumekuja kwa hiyo. Akasema: Bila motokari, ndiyo. Bila batu, hapana. Njia tupu ni njia batu wameikimbia. Akanishika mkono. Kinga tukazilaza kwenye nyasi. Tukaingia ndani ya mizabibu, tukachuchumaa. Mimi na magoti yangu haya. Na kofia kichwani."

Sasa wote walicheka. Ferdinandi alifuta macho.

"Donc, tuko pale. Akaja muzee mumoja na mbwa, mwenye shamba. Anatuona. Anasema bonjour. Huyu naye, amechuchumaa, anasema bonjour. Halafu anamuuliza kwa Kifaransa yake yote: Muzee, batu wako wapi? Yule muzee anaangalia saa. Anasema: Ni saa sita. Wanakula."

Hema lilitikisika. Gracieuse alisema alirudi akakuta kinga mbili chini na hakuna wazazi, akalia, akadhani wamegongwa. "Wamegongwa na nini?" mtu aliuliza, wakacheka tena.

Mimi nilimwangalia Zihindula. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kwetu kila mwenye kinga alijua. Ukitoka asubuhi unakutana na wanawake wanaenda sokoni, beseni kichwani. Usipokutana nao, kuna kitu mbele kimewazuia. Unageuza kinga. Hilo nililijua. Sikujua kwa nini ananiangalia.

Ferdinandi alisema, "Sasa shahidi."

Nilisimama. Nilisema alivyozaliwa, kinga ya baba yake, mchele, ndagala. Nilisema habari ya mawe juu ya milima na jinsi alivyonicheka. Nilisema habari ya hotelini na barafu. Watu walipiga makofi. Nikasema:

"Mwaka wa tisini na sita alimwaga mchele wake uani kwangu. Akambeba mke wangu siku mbili mpaka Baraka. Nilipofika, walikuwa wanacheka. Waliponiona wakanyamaza. Ni miaka ishirini. Baba Gracieuse, mlikuwa mnacheka nini?"

Précieux aliinuka. "Papa, kaa."

"Sikai."

Mtoto mmoja aliangusha kijiko. Zihindula alifuta mdomo, akasimama polepole, mkono kwenye meza.

"Shuka," alisema. "Ndivyo alisema mke wako. Neno hilo nililolisema kule Ufaransa, si mimi niliyelianza. Ni Adolphine."

Akasimulia. Siku ya kwanza, mchana, walikuwa wamepita Mboko. Adolphine nyuma kwenye keria, paji la uso limeegemea mgongo wake kwa ajili ya homa. Hilo sikulijua, habari ya paji la uso. Liliniingia kama mwiba, na bado limo.

"Nilidhani amelala," alisema Zihindula. "Mara akasema: Baba Gracieuse, tangu asubuhi hatujakutana na mwanamuke wa beseni. Shuka. Nikamwambia, leo si siku ya soko. Akasema: Shuka. Mutu na homa ile, sauti ilikuwa sawa ya mwalimu. Nikashuka. Tukavuta kinga ndani ya muhogo, tukalala chini. Kidogo tu, malori mawili ya askari. Hawapite. Wanasimama. Wanashuka kukojoa, wanavuta sigara. Pale, kama kutoka hapa mpaka kwa ile televisheni."

Aliangalia Kornelia. Kornelia akaitikia kwa kichwa, yaani sema.

"Na mimi nililala juu ya siafu."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Aah."

"Waliingia ndani ya pantaloni, ndani ya suruali. Siwezi kuruka. Siwezi kupiga kelele. Askari wako pale. Nikaivua pantaloni nikiwa nimelala, polepole, sawa nyoka anaacha ngozi. Adolphine anatetemeka, meno yanagongana. Nilikuwa nimemufunika na koti. Akageuka, akaniona. Akaingiza koti ndani ya kinywa. Alicheka mpaka machozi. Askari wanavuta sigara, na yeye anacheka bila sauti, na mimi bila pantaloni. Walipoondoka, homa ilikuwa imeshuka. Kila mara alipoliangalia lile koti alianza tena. Ulipofika Baraka, ndio alikuwa ameanza tena."

Watu walicheka kwa nguvu. Nilingoja waishe.

"Kwa nini hakuniambia?"

Kornelia ndiye aliyejibu, kwenye kiti chake.

"Mimi aliniambia jioni ile ile walipofika. Tulicheka pamoja, sisi watatu, siku mbili."

"Na mimi?"

"Weye, shemeji? Ulifika ukamuuliza juu ya koti. Akaja jikoni, akaniambia: Kama koti ni hivi, pantaloni itakuwaje?"

Walicheka tena, hata Précieux, mkono mdomoni. Kornelia hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudisha sufuria.

Nilikuwa nimetoka Louisville kudai jambo lao. Nikalikuta ni langu. Miaka kumi na minane na zaidi mke wangu alikuwa na kichekesho, na nyumbani kwangu hakukuwa na mahali pa kukiweka.

"Alimfikisha," niliwaambia watu. "Huyo ndiye Zihindula." Nikakaa. Nikala ndagala waliobaki, baridi.

Wivu haukuisha. Mtu asidhani uliisha. Mwanzo nilidhani alichukua kitu cha mke wangu ambacho hapaswi kuwa nacho. Sasa nilijua ana kitu chake cha halali: siku mbili nzima za Adolphine, na mimi sina hata saa moja ya siku hizo. Na alizipata kwa kumwokoa. Huwezi hata kumkasirikia. Hiyo ni mbaya zaidi.

Watu walipoanza kuondoka nilimwendea pale alipokuwa anakunja viti.

"Ile ni nusu ya siku moja. Zilikuwa mbili."

"Zilikuwa mbili."

"Nataka zilizobaki."

Aliweka kiti chini. "Nimesahau mengine, Mirindi."

"Utakumbuka."

"Nakumbuka nikiwa juu ya kinga," alisema. "Nikikaa hapana. Njoo Buffalo."

Kwa hiyo sikurudi na Précieux. Nilipanda gari lao asubuhi ya Jumapili, nguo zile zile. Gracieuse aliendesha. Nilikaa nyuma na Zihindula. Mbele Kornelia alilala, na kila alipoinamisha kichwa, Zihindula alinyoosha mkono akakirudisha sawa. Safari ya saa tano hivi.

Kesho yake alinipa kinga ya Kornelia. Bomba lake la katikati liko chini, inafaa wazee. Nilikuwa sijapanda miaka ishirini. Ilinikimbia mkononi. Alikwenda ndani, akarudi na mfuko wa mchele, akaufunga kwenye keria yangu kwa mpira. Ikatulia.

Njia ya mfereji ni kama alivyosema. Maji upande mmoja, miti upande mwingine, bata. Hakuna motokari. Alikuwa mbele, kama zamani. Halafu nikaona amepunguza, tukawa sambamba. Njia inatosha kinga mbili.

Akatoa kumbukumbu moja moja. Jioni ya siku ya kwanza walilala kwa katekista, Adolphine ndani na wanawake, yeye jikoni. Asubuhi Adolphine alikunywa uji, akaomba mapera. Yeye akamtafutia, akapata matatu mabichi. Adolphine alikula mawili.

"La tatu?"

"Aliliweka mfukoni. Alisema ni yako."

Nilikanyaga pedali. Sikukumbuka pera lolote.

"Halafu?"

"Halafu akasema: Mirindi anatembea polepole, tumungoje. Tulikuwa kwenye mulima, ule wa mwisho. Tukakaa kwenye jiwe."

"Mlingoja?"

"Saa nzima. Alikuwa anaangalia chini, njia yote. Hukuja."

"Nilikuwa mbali."

"Ndiyo. Ulikuwa mbali."

Njia ilikuwa imenyooka mbele yetu, na nikaona kitu, na nikajua amekiona pia, maana miguu yake ilisimama. Tangu tutoke hatukuwa tumekutana na mtu. Wala sauti. Hata bata walikuwa wamebaki nyuma. Alishika breki. Nikashika. Tulisimama pale, wazee wawili, kila mmoja na mguu chini, tunasikiliza. Nisiseme uongo, niliangalia vichaka.

Kwenye kona akatokea mwanamke, msichana tu, anakimbia mazoezi, nyaya masikioni. Hakuwa na beseni. Alitupita, akainua mkono.

"Bon," alisema Zihindula. "Twende."

Tulirudi mchana. Kornelia alikuwa mlangoni, amesikia kengele. Alimwangalia mume wake toka juu mpaka chini.

"Umetoka jasho na hauna koti. Nimekuambia mara ngapi? Unataka nikuuguze? Vaa."

Alimtupia koti. Zihindula alilivaa huku ananung'unika, mkono mmoja ukakosa tundu, Kornelia akaja akauingiza. Mimi nilibaki kando ya ngazi, nimeshika kinga ya mke wa mtu, mfuko wa mchele bado nyuma. Mimi pia nilikuwa nimetoka jasho. Nilimsikiliza akikemewa mpaka mwisho, na hata hilo nilimwonea wivu.